Nani Amekaa Mlangoni?

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua barua yako ingeanza na shikamoo, basi nakuitikia kabisa kabla hujaiandika, maana ukiachiwa wewe tutasubiri mpaka mvi zetu zing'oke. Sisi hapa wazima. Shemeji yako goti linamsumbua, mdomo hauna tatizo. Mpwa wako amefaulu mtihani wa udereva baada ya kufeli mara mbili, na sasa anatutembeza mtaani polepole kama anayesindikiza jeneza.

Mimi bado nazunguka na mawe yangu ya kupimia, nakagua mizani za madukani. Juzi nimefungia mizani ya muuza nyama mmoja. Akaniapia kwamba mizani ile ameachiwa na baba yake. Nikamwambia basi baba yako naye alikuwa anapunja.

Sasa mama. Nakuandikia kwa sababu nyumba yetu ni ndogo, na nikishika simu mama anazima redio ili asikie vizuri. Halafu mimi na wewe kwenye simu tunagombana. Kwenye karatasi angalau mtu anapata nafasi ya kufuta.

Tangu umlete mwezi wa kumi na mbili, chakula changu anakizungusha tu kwenye sahani. Anakionja kwa ncha ya ulimi, anaweka kijiko chini, anasema ahsante. Haniambii kibaya. Kila siku anauliza habari za lile jiko lake la gesi. Haulizi habari zako, usivimbe kichwa, anauliza jiko. Niandikie linavyoendelea nimsomee, pengine hamu ya kula itarudi.

Jambo lingine, dogo. Wiki iliyopita lifti ya jengo letu ilikufa. Tuko ghorofa ya tano. Nikamwambia mama akae pale chini kwa mlinzi mpaka fundi aje, mimi nikavuka barabara kununua maji. Kurudi, hayupo. Nikapanda ulimi nje, nikamkuta amesimama mlangoni kwangu anasubiri funguo, hata hahemi. Wewe uliniambia ngazi za kwenu zimemshinda. Kwenu ni ghorofa ya kwanza.

Nauliza tu.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Pole kwa goti la shemeji na hongera kwa dereva wetu. Mwambie akija huku aje kwa basi.

Mimi mzima, kazi ipo. Zile mashine za kuchapa mabango zimechukua kila kitu kinachoweza kukunjwa. Mimi wameniachia visivyokunjika: kuta, matangi na wateja. Juzi niliandika "Usitupe taka hapa" kwenye ukuta wa shule, herufi nyekundu zenye kivuli, kazi safi. Nilipoinama kukusanya brashi, mtu alikuwa ameshatupa.

Msomee mama hivi. Jiko lipo pale pale, kati ya dirisha na kabati la sahani. Enameli yake ambayo zamani ilikuwa nyeupe sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara, lakini nimeisugua kwa magadi mpaka maua ya pembeni yameonekana. Miguu yake minne bado imepinda kama ya mbwa aliyechoka. Kishikio cha tatu bado kinageuka kinyume, na kila anayelijaribu bila kuambiwa bado anaunguza nyusi. Kichomeo cha nyuma kushoto kinawaka buluu na kupiga mluzi kama mtu mwenye mapengo. Nikiwasha kiberiti asubuhi, likashika kwa ule mshindo wake, "bwu!", huwa najikuta nalisalimia.

Jumamosi nilioka kuku na viazi. Tulikula mpaka mifupa ikaomba radhi.

Kitu kipya: ule mlango wa oveni nimeutengeneza. Unajua springi za majiko haya haziuzwi tena popote. Sasa nimempata mzee mmoja fundi wa kufuli, akanikunjia springi kwa mkono. Mlango unafunga wenyewe, unaupiga kofi moja tu, tap. Mtu unaweka chakula ndani, unakwenda kukaa mezani kama binadamu.

Ningeendelea, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mweupe. Mimi kazi yangu ni kuona kilichopungua, usinichezee.

Hapa ni wazima kasoro mmoja. Nimemsomea mama barua yako akiwa kitandani. Kwenye kishikio cha kinyume alicheka, nikafurahi, sijamsikia akicheka tangu aje. Kwenye mluzi akatikisa kichwa. Kwenye mlango wa oveni akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Unafunga wenyewe?" Nikasema ndivyo alivyoandika, tap. Akageukia ukutani.

Kwani mlango huo ulikuwa na nini? Mimi sikuwahi kujua kama ni mbovu. Nilipoondoka kwenda kuolewa ulikuwa mzima, na kila nilipokuja kuwatembelea nililetewa keki sebuleni.

Halafu ameanza jambo jipya. Nikiweka sahani mezani anaiangalia, anauliza, "Nani amekaa?" Mara ya kwanza nilidhani ananialika, nikakaa. Akasema, "Si hapo." Sasa anauliza kila mlo. "Nani amekaa?" Nikisema hakuna, anaisogeza sahani pembeni taratibu, kama mtu anayerudisha chakula hotelini lakini hataki kumwaibisha mpishi. Nimemwekea mkate, anakula mkate. Chai, anakunywa. Kilichotoka kwenye oveni yangu, hapana. Na unajua mimi karibu kila kitu nakipika humo, kwa sababu narudi kazini nimechoka, naingiza, natoa.

Nimempima. Amepungua sana. Sikuandikii ni kiasi gani, kwa sababu nikikiona kwenye karatasi nitalia na wino utavuja.

Wewe umekaa naye miaka yote hiyo. Nani amekaa wapi?

Na jingine: umeandika "tulikula". Wewe na nani?

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikuwa haikatiki, na mvua na rangi ni kama mtu na mke mwenzake. Halafu nilipata tangi la maji la kuandika, lipo juu sana, nikawa nashuka jioni vidole vimekakamaa, siwezi kushika kalamu. Halafu kalamu yenyewe ikapotea. Halafu nikaipata.

Habari za mama zimenisikitisha. Nadhani ni hali ya hewa. Na majiko ya umeme, unajua, yanakausha chakula. Jaribu kuweka bakuli la maji ndani ya oveni. Chumvi pia, mama anapenda chumvi itangulie. Wengine wanasema wazee wakihama huchukua muda kuzoea maji ya mahali pengine. Mchemshie maji.

Kuhusu hayo maneno yake ya kukaa, wazee wana mambo yao.

"Tulikula" ni namna ya kuandika tu. Hata wafalme hujiita sisi.

Jiko halijambo. Nimelibadilishia mpira wa gesi, ule wa zamani ulianza kupasuka, nikaupaka sabuni kila mahali kuona kama kuna mapovu. Hakuna. Kila kitu kinafunga vizuri.

Msalimie mama. Mwambie nimesema ale.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia haraka, salamu utajijazia.

Jumapili niliweka paja la mbuzi ndani ya oveni. Nikaenda kuoga. Kurudi, mama ameburuta kiti kidogo cha bafuni, amekaa chini pale, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa oveni yangu, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Uso umetulia kabisa. Nikafurahi kidogo, nikasema basi leo ameamua kunipa kampani. Nikamenya viazi, tukazungumza. Saa ya kutoa nyama ikafika.

"Mama, nipishe nitoe nyama."

"Bado."

"Imeiva, mama. Nasikia harufu."

"Pua inadanganya. Bado."

Shemeji yako akachungulia, tumbo limemtangulia. "Mama mkwe, hata kama ni mbichi mimi nitaila."

"Vumilia, mwanangu. Siwezi kukulisha mbichi."

Moshi ukaanza kutoka juu ya kichwa chake, naye hatoki. Nikamshika mabega nimnyanyue, akanisukuma. Mama, mdogo wangu. Alinisukuma mimi. Shemeji yako akamnyanyua mzima mzima kama godoro. Nikafungua. Paja lilikuwa kiatu. Mama akalitazama, akaupeleka mkono wake nyuma akajigusagusa mgongoni, akasema, "Sijasikia kitu. Mgongo wangu umekufa." Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba alikuwa anahesabu vikombe.

Nikampeleka kwa daktari wa mgongo. Wakampiga picha. Daktari anasema mgongo huu unaweza kutumika tena na mtu mwingine. Kichwa chake nacho hakina tatizo analoliona. Alimwuliza tarehe, mama akamjibu, akamwuliza na yeye kama ameshakula.

Sasa nikienda kazini nafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Ndiyo, namfungia mama yangu jiko. Nikiwa nakagua mizani za watu, ufunguo uko mfukoni unanichoma paja.

Shemeji yako si mtu mbaya, unamjua. Lakini ameleta picha za nyumba moja ya kutunzia wazee, nje kidogo ya mji. Ina bustani. Chakula kinaletwa kwenye trei. Wana nafasi kuanzia Julai, na wanataka watoto wote wakubali, nasi tupo wawili tu. Niandikie neno moja, sawa au hapana. Lakini kama unajua kitu kuhusu mgongo wa mama, na naanza kuhisi unajua, uniambie kabla ya hilo neno.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mezani, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa na mtu. Ndiyo, "tulikula" ilikuwa na mtu ndani yake. Ni fundi cherehani wa ghorofa ya chini, anayeshona sare za shule. Mjane, ana miwani miwili na yote ameivalisha kamba. Jumamosi anapanda kula. Nilipofika kwenye "mgongo wangu umekufa" akaweka uma chini. Akasema, "Na wewe unajua alikuwa anafanya nini." Hakuuliza. Alisema. Kisha akaniuliza ile stuli fupi iliyokuwa pale jikoni zamani iko wapi. Nikamwambia stoo. Akavaa miwani ya pili, akaniangalia kwa yote miwili.

Basi nakueleza. Baada ya wewe kuondoka, springi ya mlango wa oveni ilikatika. Mlango ule unafungukia chini. Bila springi unajiangukia, joto lote linatoka, keki inalala. Springi hazipatikani. Mama akachukua stuli, akakunja blanketi, akaliweka kati yake na mlango, akakaa mgongo umeegemea. Mlango ukafunga. Tangu siku hiyo hakuna kilichookwa nyumbani kwetu bila mtu kukaa mlangoni. Mimi nilifanyia mazoezi ya hesabu pale. Akichoka, nakaa mimi. Lakini aliyejua ni yeye. Namba za kishikio cha oveni zilishafutika kwa kusuguliwa, kwa hiyo alipima kwa mgongo. Joto likifika mahali fulani alisema, "Geuza." Likifika pengine, "Toa." Hakuwahi kukosea.

Kwa hiyo "nani amekaa?" maana yake ni hiyo. Chakula ambacho hakuna aliyekikalia hakijapimwa. Na milango ya oveni za siku hizi imetiwa matabaka, nje haipati hata uvuguvugu. Alikaa, akasubiri joto, halikuja. Kwake nyama ile ilikuwa mbichi mpaka ilipokuwa mkaa.

Hukuwahi kuonyeshwa kwa sababu aliniapisha. Alisema, "Yule akiuona huo mlango ataugonga muhuri wa kuukataa." Alikuonea aibu, dada. Ukija, ananituma nikuweke sebuleni, yeye anakwenda kukaa.

Kuhusu ngazi. Fundi cherehani alipoanza kupanda, jiko letu unalijua ukubwa wake. Yeye mezani, mimi mezani, mama chini pale mlangoni anatutazama. Nikifungua mdomo kusema neno la maana, sauti inatoka chini: "Bado." Alikuwa anasemea keki. Lakini ukiwa na umri kama wangu, ukiwa umejikaza wiki nzima kusema kitu, ukasikia "bado", unakitafuna tena. Nilitaka meza ya watu wawili. Nikasema ngazi. Mama alipoondoka tu nikatafuta springi.

Sasa suala lako. Nimefikiria sana, na nadhani tiba ipo. Nunua ile mipira ya kutia maji ya moto. Ukiweka chakula kwenye oveni, mpe stuli, mtilie mpira huo mgongoni ndani ya blanketi. Atasikia joto, atasema toa, atakula. Ni rahisi, na hakuna atakayehitaji kuhama.

Hilo neno moja nitaliandika tukiona hili limekwenda vipi.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilinunua mpira. Nilifanya kama ulivyosema. Mama akakaa, nikamtilia blanketi na mpira ndani yake, nikamwambia nimerekebisha oveni. Akafumba macho. Baada ya muda akasema, "Geuza." Nikageuza samaki. Baadaye akasema, "Toa." Nikatoa. Alikuwa ameiva sawasawa, sijui ni bahati au ni nini. Na akala, mdogo wangu. Alikula akamung'unya mpaka kichwa. Kesho yake tena. Shemeji yako akakutakia maisha marefu kwa sauti.

Siku ya tatu mpira ulivuja. Maji yakamtiririkia kiunoni. Akasimama, akakunjua blanketi, akautoa ule mpira akaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnaudanganya mgongo wangu," akasema.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliuanika mpira kwenye kamba, akaenda chumbani. Tangu hapo hata mkate anauacha.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Miaka yote nimekuja nyumbani kwetu nikakalishwa sebuleni, nikaletewa keki kwenye sahani ya maua. Nilidhani ni heshima. Nilikuwa nasikia nyinyi wawili mnacheka jikoni, nami niko kwenye kochi namega keki taratibu kama mgeni wa harusi. Kumbe nilikuwa naogopwa. Ungeniuliza mimi, ningekuambia kwamba kifaa kinachopima kwa mgongo na hakikosei ningekigonga muhuri mkubwa kuliko yote niliyo nayo. Hakuna aliyeniuliza.

Umeniandikia mambo yote. Umeniandikia mlango, blanketi, stuli, mpira. Kuna neno moja hukuliandika, si lile la sawa au hapana, na mimi sitakuomba uliandike. Nimeshafungia watu mizani mbele ya watoto wao, siogopi kusema. Lakini hilo halisemwi na anayeomba.

Gari la ile nyumba ya wazee litakuja tarehe mosi Julai. Nimewaambia wasubiri jibu lako; karatasi yao ya kujaza nimeitia humu. Nimemfungulia jiko, siwezi tena na ule ufunguo. Haingii.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Hii si yako, ni ya mama. Msomee kwa sauti, na pale utakapotaka kuruka usiruke.

Mama, shikamoo.

Mlango wa oveni umeharibika. Nimeuharibu mwenyewe Jumamosi, kwa bisibisi na koleo, mbele ya shahidi mwenye miwani miwili. Springi ilipochomoka mlango uliporomoka kwa kishindo mpaka jirani akagonga ukuta. Haufungi tena. Springi yenyewe nimemrudishia mzee wa kufuli, amenitazama sana.

Stuli nimeitoa stoo. Moja ya miguu yake ilikuwa imeanza kulegea, nimeikaza. Jana tukaweka keki. Akakaa kwanza fundi cherehani. Akasema, "Tayari," tukafungua, ni uji. Akasema mgongo wake umezoea kuinama, haujazoea kuegemea. Nikakaa mimi. Joto likaja. Nikalisubiri lifike pale pako, mama, na hapo ndipo nikagundua kwamba sipajui. Miaka yote niliyokaa mlangoni nilikuwa nasubiri wewe useme. Ikatoka nyeusi chini, mbichi katikati. Tukaila. Yeye akasema, "Nani amekaa?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Ndiyo maana."

Ngazi hazijawahi kukushinda. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kukaa mezani na mtu, nawe ulikuwa mlangoni. Angalau ningekuambia hivyo hivyo. Pengine ungesema bado, pengine ungesema toa, sikukupa nafasi.

Njoo nyumbani. Sikualiki, nyumbani kwako hualikwi. Kuna kazi imesimama na hakuna anayeiweza.

Meza nimeivuta karibu na oveni. Sasa anayekaa mlangoni na wanaokaa mezani wanaweza kupeana chumvi. Akisema bado, wote wanasikia, na mwenye kusema jambo lake aliseme hivyo hivyo.

Dada, hapa ni kwako. Neno langu ni hapana, na karatasi yao nimeijaza hivyo, imo ndani ya bahasha hii. Mlete mwenyewe, usimtume dereva wetu. Na ukifika, ile sahani ya maua nimeshaiweka juu kabisa kabatini, huifikii. Usikae sebuleni. Nimenunua stuli ya pili.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimemsomea yote, hata pale. Kisha akauliza kitu kimoja: "Blanketi alilikunja mara ngapi?" Nikatafuta kwenye barua, nikamwambia hujaandika habari ya blanketi.

Akasema, "Hakuliweka kabisa. Ataungua mgongo huyu mtoto."

Tunakuja kwa basi la keshokutwa, mimi na yeye. Nimemwambia ni keshokutwa. Ameshavaa viatu.

Dada yako